Dakika kumi na mbili kabla ya chai: mwongozo wa ibada ya asubuhi nyumbani

Kinachoua ibada ya asubuhi katika nyumba nyingi ni urefu. Baba anaanza na wimbo wa beti tano, anasoma sura nzima, anaifafanua, anaombea taifa, mkoa, kata na mgonjwa wa mtaa wa tatu. Akifika kwenye Amina uji umeshika sufuria, wa darasa la pili amelala juu ya mkeka, na wa kidato cha pili amesimama mlangoni na begi mgongoni. Wiki ya kwanza watu wanavumilia. Wiki ya tatu kila mmoja ana sababu yake ya kutokuwepo.

Mwongozo huu ni wa ibada ya dakika 12, kwa nyumba za Mtwara na Lindi jinsi zilivyo: nyumba za mikorosho, za wavuvi, za watumishi waliopanga chumba, na nyumba ambazo nusu ya ukoo ni Wakristo na nusu ni Waislamu. Mgawanyo wake ni huu: wimbo dakika 2, Neno 3, shukrani 4, kicheko 1, sala ya kufunga 2. Shukrani imepewa muda mrefu kuliko Neno kwa makusudi. Neno lina Jumapili yake, lina jumuiya, lina kwaya. Wema wa jana, usipotajwa leo asubuhi, kesho umeshasahaulika.

Kicheko nacho kina nafasi yake humo humo ndani ya ibada. Sara alipojifungua uzeeni alisema, "Mungu amenifanyia kicheko", na mtoto akaitwa Isaka, jina lenye maana ya kucheka. Mithali 17:22 inasema moyo uliochangamka ni dawa nzuri. Mtoto aliyecheka mbele za Mungu alfajiri hasukumwi kuja kesho.

Usiku uliotangulia

Nusu ya kazi inafanyika usiku. Sare zimepigwa pasi, maji yako ndooni, mkaa au kuni ziko jikoni, somo limechaguliwa na uzi umewekwa kwenye ukurasa. Mkeka au jamvi likae nyuma ya mlango, pale pale, siku zote. Dakika tatu za kutafuta mkeka gizani ndizo zinazozaa makelele, na ibada iliyoanza kwa makelele ni ngumu kuirudisha.

Atakayesoma kesho aambiwe usiku na asome mara moja kwa sauti. Jina kama Nebukadreza au Mefiboshethi likimkuta mtoto asubuhi mbele ya kaka zake atajikwaa, watamcheka, na zamu yake ijayo ataumwa tumbo. Kwa watoto wa chini ya darasa la nne, aya nne au tano zinatosha.

Tumieni Biblia ya karatasi. Biblia ya kwenye simu ni nzuri safarini, lakini mkekani inaingiliwa. Katikati ya zaburi unashuka ujumbe wa kikundi cha kikoba, msomaji anatupa jicho mara moja tu, na macho yote yanahamia kwenye simu. Simu moja ibaki na kengele ya kuamsha, ikae mbali na kitanda ili mtu alazimike kusimama kuizima. Nyingine ziwe kimya mpaka Amina.

Saa ipi

Mtwara na Lindi ziko mashariki kabisa ya nchi, na jua letu linawahi. Mwezi Novemba linachomoza kabla ya saa 12 asubuhi. Juni na Julai linachelewa mpaka kama saa 12:30. Kwa hiyo saa ya ibada iliyopangwa Novemba, kukiwa kweupe, itakuwa ya giza ikifika Juni. Watoto hawawi wavivu ghafla mwezi huo. Giza limeongezeka na baridi ya asubuhi imeingia, basi sogezeni mbele robo saa kama shule inaruhusu, au washeni taa dakika tano kabla ya kuwaita.

Kanuni ya kuchagua ni rahisi: mtafute anayetoka nyumbani wa kwanza, kisha rudi nyuma dakika 30. Kama mwanafunzi anatoka saa 12:30, ibada ni saa 12 kamili. Dakika 12 za ibada, 18 za chai na viatu. Anayekaa karibu na kanisa lenye kengele ya asubuhi ana bahati. Ndanda, ambako watawa Wabenedikto wamekuwapo tangu 1906, kengele ya sala imepanga siku za watu wengi, na kwa familia ya Kikatoliki kengele ya saa 12 ya Malaika wa Bwana inatosha kuwa mwanzo wa ibada yenyewe.

Kuna majira ambayo kanuni hiyo inavunjika, na ni heri kujua mapema. Miezi ya kupulizia salfa dhidi ya ubwiri unga, ukungu wa mikorosho, wenye mabomba wanatoka giza bado, kwa sababu poda hushika vizuri jani likiwa na umande na upepo ukiwa umetulia. Ukimwambia mtu wa bomba asubiri wimbo, unamwambia apoteze salfa. Wavuvi wa Mikindani, Msimbati au Kilwa Masoko wanafuata maji, na maji hayasubiri zamu ya msomaji. Wanawake wa uwanda wa juu wa Newala na Tandahimba wanaowahi foleni ya maji wanajua saa 10 alfajiri inavyofanana. Kwa watu hawa fanyeni ibada ya mlangoni: mkono begani, aya moja ya kukariri, shukrani moja, "Mungu akutangulie". Dakika moja. Ibada kamili ifanyike jioni siku hizo, na hakuna aliyefanya kosa. Lakini kama mama amekosa ibada siku tatu mfululizo kwa sababu ya maji, saa mliyochagua siyo. Badilisheni saa, au badilisheni anayekwenda kisimani.

Mahali, na masikio ya jirani

Baraza la nyuma au jikoni karibu na jiko ni pazuri kuliko sebuleni, kwa sababu birika linaonekana na hakuna haja ya mtu kunyanyuka kulichungulia. Chai iwe tayari au iko njiani. Harufu ya maandazi au mihogo ya kuchemsha inavuta watoto mkekani kuliko kengele yoyote. Ila msimimine chai wakati wa sala.

Sauti ni jambo la kuangalia sana huku kwetu. Adhana ya alfajiri imeshatangulia, jirani aliyeswali huenda amejinyoosha tena kidogo, na ukuta ni wa udongo au tofali moja. Imbeni kwa sauti ya watu waliokaa mkeka mmoja. Spika ya muziki ibaki imezimwa. Mithali 27:14 ina neno kali na la kuchekesha kwa mtu anayembariki rafiki yake kwa sauti kubwa asubuhi na mapema: baraka hiyo inahesabiwa kuwa laana. Isomeni siku mojawapo, na mwimbaji mwenye sauti kubwa wa nyumba hiyo atajitambua bila kutajwa.

Hatua zenyewe

Anzeni na salamu, kwa utaratibu wa kila siku. Wadogo watoe shikamoo zao kwa kila mkubwa, wakubwa waitike marahaba na kuuliza umelalaje, na wasubiri jibu. Ndipo kiongozi aseme "Tumsifu Yesu Kristo" au "Bwana asifiwe", kadiri ya kanisa lenu. Ukiruka salamu ukaingia kwenye wimbo, utakuwa na mtoto aliyeamka na kinyongo cha jana ambaye hajasemeshwa na mtu, na kinyongo hicho kitakaa mkekani dakika zote 12.

Kisha kimya cha pumzi tano. Hesabuni kwa vidole kwa ajili ya wadogo. Wakatoliki na Waanglikana wengi watafanya ishara ya msalaba hapa.

Wimbo: ubeti mmoja na kiitikio. Aanzishe mtoto, na aanze chini. Koo la asubuhi ni kavu na zito, sauti zinapanda polepole, na wimbo ulioanzishwa kwa kimo cha Jumapili saa 4 utawashinda kwenye kiitikio. Wakianza chini wazee wataweza, na kaka ambaye sauti yake inavunjika hatafedheheka. Wimbo mmoja uimbwe wiki nzima, Jumatatu mpaka Ijumaa. Siku ya tatu wadogo wanaujua, siku ya tano mtu anausikia ukiimbwa bafuni.

Neno: aya tatu hadi kumi, zisomwe mara moja polepole. Baada ya kusoma, kiongozi aulize maswali mawili tu. Nani alifanya nini? Neno gani limekubaki? Majibu mafupi, hata ya neno moja, yapokelewe. Hapa ndipo wazazi wanapoteleza: mtoto akijibu "punda", mzazi anaona nafasi ya kuhubiri. Jizuie. Matendo 20 inamtaja kijana Eutiko aliyekaa dirishani Paulo akihubiri mpaka usiku wa manane, akasinzia, akaanguka kutoka orofa ya tatu. Paulo alimrudisha akiwa hai. Wewe utamrudishaje wa kwako?

Kwa wiki mbili za mwanzo za siku tano, masomo haya yanatosha na yamepimwa urefu. Wiki ya kwanza: Zaburi 118:19–24, Zaburi 103:1–5, Luka 17:11–19 (wakoma kumi, na mmoja aliyerudi kushukuru), Maombolezo 3:19–26, na Ijumaa Mwanzo 18:9–15, Sara akicheka nyuma ya mlango wa hema. Wiki ya pili: Zaburi 5:1–3, Marko 1:35–39, 1 Wafalme 19:4–8 ambapo Eliya aliyechoka anapewa kwanza usingizi na mkate, Wafilipi 4:4–7, na Ijumaa Matendo 12:12–17. Hilo la mwisho lisomwe na msichana. Roda anasikia sauti ya Petro mlangoni, anafurahi kiasi cha kusahau kumfungulia, anakimbia ndani kuwaambia watu, wanabishana, na Petro bado anabisha hodi nje. Watoto wanacheka wenyewe bila kuelekezwa. Ijumaa iwe siku ya somo lenye kicheko, ili wiki iwe na kitu cha kusubiriwa. Zaburi 119 ina aya 176, kwa hiyo ikifika zamu yake ikateni vipande vya aya nane, kama ilivyopangwa yenyewe.

Shukrani

Kila mtu anataja kitu kimoja. Kitu hicho kiwe kimetokea ndani ya saa 24 zilizopita, kiwe kinaweza kuonyeshwa kwa kidole, na ikiwezekana kiwe na mtu ndani yake. Hivyo tu. Lakini fungu hili ndilo linaloharibika kwa urahisi kuliko yote.

Uharibifu wa kwanza ni shukrani ya kunakili. Baba anasema "Namshukuru Mungu kwa uzima", mama "Na mimi kwa uzima", mtoto wa kwanza "Uzima", wa pili anachezea ukili wa mkeka. Uzima ni neema kubwa, na kwa kuwa ni kubwa inafaa itajwe na kiongozi mwanzoni kwa niaba ya wote, kisha ifungwe. Wengine watafute ya kwao. Mtoto akikwama, asiambiwe "fikiri". Aulizwe juu ya watu:

"Jana nini kilikwenda vizuri, mwanangu?"

"Hakuna, mama."

"Nani alikupa kitu jana?"

"Aisha. Alinigawia ming'oko wakati wa mapumziko."

"Mingapi?"

"Miwili. Na mmoja akaumenya yeye."

"Basi tumshukuru Mungu kwa ajili ya Aisha."

Tazama swali la "mingapi". Idadi inamrudisha mtoto kwenye tukio, analiona tena, na ule mng'oko uliomenywa ambao hakuwa na nia ya kuutaja unatoka. Ulizeni idadi, rangi, saa, nani alikuwepo. Shukrani inaota kwenye mambo madogo ya namna hiyo.

Uharibifu wa pili ni vijembe. "Namshukuru Mungu kwamba jana, angalau jana, kuna mtu alikumbuka kuacha hela ya mboga." Hiyo ni taarabu. Mtu akirusha, kiongozi asiijibu wala kucheka, aseme "Tupe nyingine" na kusubiri. Ugomvi wa hela ya mboga uzungumzwe jioni, watu wawili, bila watoto.

Wa tatu ni kulazimisha. Kuna asubuhi mnada wa korosho umewapa bei ya kuvunja moyo, mtoto ana homa, au kuna maiti ndani ya ukoo. Siku hiyo msimbane mtu aseme amefurahi. Aruhusiwe kusema "Leo sina", na kiongozi aitike "Bwana anajua", kisha zamu iendelee. Maneno "Ni mpya kila siku asubuhi" yanayopendwa sana yako katika Maombolezo, kitabu cha mji uliobomolewa, na yametanguliwa na aya nyingi za kilio. Paulo anaandika shukuruni kwa kila jambo, na mtu mwenye msiba anaweza kufika huko, ila hafikishwi kwa kusukumwa saa 12 asubuhi. Kicheko cha siku hiyo nacho kiachwe, nyumba nzima ikae kimya dakika ile.

Wekeni daftari. Kaunta buku la quire mbili linatosha mwaka na zaidi. Mtoto mwenye mwandiko mzuri aandike tarehe, jina na mstari mmoja: "14 Agosti. Bibi. Mbuzi wa jirani aliingia shambani akatoka bila kula." Msiandike sala wala mahubiri humo, litajaa na halitasomwa. Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, badala ya shukrani mpya, someni za mwezi uliopita kwa sauti. Hapo ndipo faida inaonekana, kwa sababu wasiwasi wa tarehe 3 mara nyingi umeshajibiwa tarehe 20 na kila mtu alikuwa amesahau. Daftari likae kavu. Msimu wa mvua unyevu unaunganisha kurasa, na mende wanapenda gundi ya mgongo wa daftari, basi lifungeni kwenye mfuko wa nailoni pamoja na Biblia.

Kicheko

Kije baada ya shukrani, kabla ya sala ya kufunga. Kikiwekwa mwanzo, watoto hawatulii tena. Kikiwekwa baada ya Amina, wameshatawanyika. Katikati hapo, sala inayofuata inawakusanya wote wakiwa na nyuso zilizofunguka. Dakika moja, mtu mmoja, kwa zamu.

Chemchemi ya kwanza ni utani wa babu, bibi na wajukuu, ambao tunao tayari na hauhitaji kununuliwa. Bibi anamwita mjukuu wa kiume mume wangu, na wa kike mke mwenzangu. Ukiwa na bibi ndani ya nyumba, mpe zamu ya Jumatatu, siku ngumu kuliko zote:

"Mume wangu huyu jana kala mihogo mitatu, halafu usiku ananiambia tumbo linauma kwa sababu sala ilikuwa ndefu."

"Shikamoo bibi. Lakini mke mwema angeuficha ule wa tatu."

Inatosha. Wamecheka, wakwe wamecheka, na mtoto amejibu kwa adabu kwa sababu shikamoo ilitangulia.

Chemchemi ya pili ni vitendawili. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango: yai. Mzungu katoka Ulaya na mkono kiunoni: kikombe, na kiko pale pale karibu na birika. Watoto wa huku watunge vya kwao. Tunda langu limesahau mbegu nje: bibo na korosho yake. Asiyejua atoe mji kama kawaida, na mtegaji aupokee kwa maringo yote. Chemchemi ya tatu ni Biblia yenyewe: punda wa Balaamu aliyeona malaika kabla ya nabii, Yona aliyekasirika kwa ajili ya mmea, na Roda wetu wa Matendo 12.

Sasa mipaka, na hapa tunasema kwa mkazo. Asitaniwe mtu kwa umbo lake, kigugumizi, makengeza, au alama za darasani. Asitaniwe aliyelowesha godoro usiku. Huyo ndiye anayetaniwa mara nyingi zaidi asubuhi, kwa sababu shuka liko kwenye kamba na kila mtu analiona, naye ndiye asiyeweza kujitetea. Mtoto anayechekwa kwa hilo mbele ya Biblia atajifunza kwamba Mungu naye anacheka. Asitaniwe asiyekuwepo. Isitaniwe dini ya mtu wala namna anavyoswali. Kabila la mtu litaniwe pale tu penye utani unaojulikana pande zote mbili. Shemeji mgeni aliyekuja juzi kutoka mkoa mwingine hajui, na atacheka kwa midomo tu.

Kipimo ni kimoja: aliyetaniwa acheke wa kwanza. Wengine wakicheka naye akainamisha uso, umeshavuka. Mithali 26 inamfananisha na mwendawazimu arushaye mishale mtu anayemdanganya mwenzake kisha akajitetea kwamba alikuwa anafanya mzaha tu. Likitokea, msiende kwenye sala mkiliacha. Mathayo 5:23–24 inaagiza kuacha sadaka madhabahuni na kupatana kwanza, na hapa madhabahu ni mkeka. Aliyekosea aseme "Nisamehe, nimekuumiza", kwa jina la aliyeumizwa, watu wote wakisikia, kwa kuwa wote walisikia na utani. "Nilikuwa natania" haihesabiki kuwa msamaha.

Sala ya kufunga

Mtu mmoja, sentensi tatu: asante, tunaomba hiki leo, tunamkabidhi fulani. Maombi marefu ya wagonjwa na taifa yana usiku wake. Kisha Baba Yetu kwa pamoja, kwa mwendo wa mdogo kuliko wote. Wazee wakikimbia, mtoto anadandia "Amina" bila kupita katikati. Mzazi amalize kwa kuweka mkono kichwani mwa kila mtoto na kusema jina lake. Usiseme majina yote kwa mkupuo kutoka ulipokaa. Nyanyuka, gusa.

Nyumba yenye dini mbili

Hii ni kawaida kwetu, kwa hiyo ipangwe waziwazi. Mama mkubwa au mjomba Mwislamu anayeishi nanyi aambiwe saa ya ibada kwa heshima, na aachwe achague: kukaa, au kuendelea na shughuli zake. Akikaa, msichague somo la kumlenga. Atagundua, na hatakaa tena. Fungu la shukrani na la kicheko anaweza kushiriki kwa raha zake, na mara nyingi shukrani ya mtu mzima kama huyo ndiyo inayobaki masikioni mwa watoto. Asitakiwe kuimba wala kusema sala. Mwezi wa Ramadhani yeye ameshakula daku na kufunga, basi hamishieni chai na maandazi ndani na waonyeni watoto wenu wasilambe vidole mbele yake. Kwa upande mwingine, Mkristo mmoja katika nyumba ya Waislamu afanye ibada yake chumbani au chini ya mwembe, kwa dakika tano, bila kuiomba nyumba nzima inyamaze.

Anayeishi peke yake

Mwalimu aliyepangiwa Nanyumbu au Liwale, muuguzi wa zamu, dereva wa bodaboda. Hatua ni zile zile, dakika sita. Soma kwa sauti, hata ya kunong'ona, kwa kuwa jicho peke yake linaruka mistari asubuhi. Andika shukrani moja. Kicheko kitafute kwa mtu: mtumie mdogo wako kitendawili kimoja kabla ya saa 1, na usimpe jibu mpaka mchana. Dereva asifanye lolote la haya akiwa anaendesha. Afanye pikipiki ikiwa imesimama, kabla ya kuvaa helmeti.

Wiki ya kwanza

Msianze na siku saba. Anzeni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, dakika tano: ubeti mmoja, aya tatu, shukrani, Baba Yetu. Wiki ya pili ongezeni kicheko. Wiki ya tatu fikeni siku tano na dakika 12. Jumapili hamna ibada ya nyumbani, mna kanisa. Mkikosa siku mbili, rudini siku ya tatu bila hotuba ya lawama, mkisoma somo lililokuwa zamu yake.

Kwa hiyo usiku wa Jumapili: uzi kwenye Zaburi 118, mtoto mmoja asome aya ya 24 mara moja kwa sauti, "Siku hii ndiyo aliyoifanya Bwana, tutashangilia na kuifurahia." Mkeka nyuma ya mlango. Daftari jipya, kalamu inayoandika, imejaribiwa. Kengele saa 11:40. Atakayeamka kwanza abandike birika, kisha awaite wengine kwa majina, akianza na yule mgumu kuamka.